Darasa la Miwani: Punje ni ya Nani?

Aendaye Nyali kutoka kisiwani Mombasa hupita mahali paitwapo Kengeleni. Hapo pana mnara mdogo wenye kengele. Mchana kutwa matatu hupita, makanga wakiita abiria, na watoto wa shule wakivuka barabara. Lakini ni wangapi kati yao wawezao kusema kengele ile ni ya nini? Ni kumbukumbu ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani.

Nimeikumbuka kengele hiyo kwa sababu ya habari ya mbali. Mwaka 2021, wakati ugonjwa wa korona ulipokuwa umewatawanya wanafunzi, chuo cha Morehouse mjini Atlanta, Marekani, kilianza kufundisha baadhi ya masomo kwa njia ya ajabu. Wanafunzi wa historia waliingia ndani ya merikebu ya watumwa hali wamekaa vyumbani mwao. Morehouse ni chuo cha vijana weusi, ndicho alichohitimu Martin Luther King mwaka 1948. Basi wajukuu wa watumwa waliingia merikebuni kwa hiari yao, na mwalimu wao yumo pamoja nao.

Walifikaje huko? Kila mmoja alivaa miwani kubwa iliyofunika macho yote mawili. Ndani ya miwani hiyo kila jicho huoneshwa picha yake, nazo hutofautiana kidogo, kama vile macho yetu yanavyotofautiana katika kuona. Ubongo huziunganisha, na mtu akaona kina na umbali. Ukigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Mwalimu na wanafunzi huonana humo kwa sanamu zinazowawakilisha, wakasemezana kama watu waliomo chumba kimoja.

Wataalamu wa lugha wamekipa kitu hiki jina la uhalisia pepe. Mkulima wa mpunga atacheka kidogo akilisikia, kwani pepe kwake ni punje isiyokuwa na kitu ndani. Hata hivyo jina hilo linatupa swali zuri. Tukiipepeta ala hii mpya, tutapata mchele au makapi matupu?

Kufundisha kwa mbali si jambo geni kwetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwafundisha walimu wa shule za msingi kwa masomo ya posta yaliyosaidiwa na redio. Na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, watoto wengi walirudishwa kwenye redio na televisheni, mpaka shule zote zilipofunguliwa tena Januari 2021. Kila mzazi anakumbuka upungufu wa masomo yale. Sauti ilifika, lakini mwalimu hakuweza kumwona mtoto aliyekunja uso kwa kutoelewa.

Upungufu huo ndio ambao miwani hii yadai kuupunguza. Mwaka 2021 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Profesa Jeremy Bailenson alifundisha mamia ya wanafunzi somo zima kwa njia hiyo. Lakini bwana huyo huyo, aliyeichunguza ala hii kwa miaka mingi, ndiye anayetuonya tusiivae ovyo. Hushauri ivaliwe kama nusu saa tu, kisha mtu apumzike, kwani wengine hushikwa na kizunguzungu: macho yanasema tunakwenda, na mwili unasema tumekaa. Tena asema itumike pale tu ambapo jambo lenyewe, likifanywa kwa kweli, ni la hatari, au haliwezekani, au lina madhara, au ni la gharama kubwa mno.

Nionavyo mimi, hicho ni kipimo kizuri. Hesabu ya kuzidisha haihitaji miwani. Ubao na chaki vyatosha. Lakini merikebu ya watumwa haiwezekani kuiingia leo. Na mtoto wa Lodwar ambaye hajapata kuona bahari, nauli ya kumfikisha Mombasa yeye na darasa lake si mchezo. Kwake yeye miwani inaweza kuwa na punje ndani.

Ila tujiulize, punje hiyo itapandwa na nani? Mwaka 2015 kampuni ya Google ilileta mpango ulioitwa Expeditions, ambao mwalimu aliutumia kulitembeza darasa zima katika nchi za mbali kwa simu zilizotiwa ndani ya maboksi ya karatasi ngumu. Ulikuwa rahisi na walimu waliupenda. Mwaka 2021 wenyewe wakaufunga. Mwalimu aliyekuwa ametayarisha masomo yake humo alikuwa na haki gani? Hakuwa na yoyote. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wala si kwamba mambo yetu hayapigiki picha. Mwaka 2020 Google hiyo hiyo, pamoja na CyArk na ICOMOS, ilitoa picha za magofu ya Kilwa Kisiwani, zilizopimwa kila upande hata mtu aweza kuyazunguka akiwa kwake. Kazi ile ni njema na tunaishukuru. Lakini mpimaji hupima ukuta tu. Nani atasimulia habari za waliolala ndani ya ukuta huo, na kwa lugha gani? Msikiti ukioneshwa bila mtu wa mahali pale kuusemea, mtoto ataona mawe, naye atadhani ameona Kilwa.

Hapa ndipo penye kazi kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na Makavazi ya Taifa. Kabla ya kununua miwani hata moja, na tuanze kukusanya: wazee waliobaki na habari za Frere Town, mafundi wa majahazi wa Lamu, wajuzi wa Gedi, ambayo mwaka 2024 iliingizwa katika urithi wa dunia. Sauti zao zikihifadhiwa mikononi mwetu, zitafaa katika miwani, na miwani ikipitwa na wakati, zitafaa redioni na vitabuni.

Na mtoto wa Kisauni je? Huyo asivalishwe kitu. Mwalimu wake amshike mkono, watembee mpaka Kengeleni, wasimame chini ya mnara, amwambie kengele ile ni ya nini. Ikiwa mwalimu mwenyewe hajui, basi hakuna miwani itakayomfaa mtoto wa Lodwar.