Ratiba ya Runinga ya Jamii: Saa Iamuliwe na Nani?

Redio ya jamii ya Homa Bay, iliyoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ilifungwa na serikali mwaka 1984. Mijadala kuhusu vyombo vya jamii aghalabu hujikita katika leseni na mitambo. Ni nadra kuulizwa iwapo kipindi kilichotayarishwa na wananchi kinarushwa saa inayowafaa.

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, wavuvi wa omena huvua usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Kipindi chao kuhusu bei ya samaki kikirushwa saa tatu usiku, wenyewe wamo majini.

Mjini New York, runinga ya wananchi iliyoanza mwaka 1971 ilimpa nafasi aliyetangulia kuomba. Kanuni hiyo huzuia upendeleo wa mhariri, lakini humfaa zaidi anayeishi karibu na ofisi: mkazi wa Kisumu mjini atamtangulia mvuvi wa kisiwa cha Mfangano.

Hapana budi, basi, runinga ya jamii igawe saa bora kwa zamu, kwa kura ya hadhara, na kwa kuzingatia saa za kazi za watayarishaji. Haki ya kusema isiyozingatia nani atasikia ni nusu ya haki.