Barua ya Farao na Kopo la Mumbuti

Kila mwaka, somo la historia ya lugha za Afrika linapomfikia Cheikh Anta Diop, darasa letu huchangamka. Mmoja husimama na kutangaza kwamba mafarao ni babu zetu, wengine hupiga makofi, na saa huisha kabla mhadhiri hajaifikia mifano ya maneno. Nami nilikuwa katika wapiga makofi. Nilisoma *Nations nègres et culture* ya 1954 katika fotokopi iliyopungukiwa kurasa, na nilijua vizuri habari za Diop na Théophile Obenga walivyokwenda Cairo mwaka 1974, kwenye mkutano wa UNESCO, kutetea kwa hoja za lugha kwamba Misri ya kale ni ya Afrika. Basi nilipopata nafasi ya kukaa Cairo miezi mitatu kujifunza Kiarabu, nilijua mapema akiba yangu ndogo itakwenda wapi. Nitawatembelea babu.

Sijaandika makala haya ili kumpinga Diop. Nimeyaandika kwa sababu ya kaburi moja, ambalo wageni wengi hawafiki, na kwa sababu ya kopo moja la bati nyumbani kwa koko yangu, Walikale.

Karnak sitaieleza sana. Picha zake mmeziona. Ukumbi wake mkubwa una nguzo 134, na mtu akisimama katikati anajiona mdogo kama sisimizi ndani ya shamba la migomba. Siku ile nilitembea kwa kiburi cha mrithi. Nilimwambia Mjerumani mmoja, bila yeye kuniuliza, kwamba mambo haya ni ya kwetu. Alitikisa kichwa kwa adabu, akaendelea kupiga picha. Katika Bonde la Wafalme nilishuka ndani ya makaburi matatu, ambayo ndiyo tiketi ya kawaida inaruhusu, nikatoka na jasho na furaha ileile.

Kisha nikapanda treni kwenda Aswan. Ng'ambo ya magharibi ya Nile, juu ya kilima cha mchanga, kuna makaburi ya wakuu wa mpaka wa kusini wa Misri ya kale. Mahali pale Waarabu wanapaita Qubbet el-Hawa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni kuba, na ni hewa. Juu kabisa pana kaburi la walii lenye kuba, na upepo kweli haukomi. Unavuka mto kwa kivuko, unapanda ngazi ndefu juani, na mlinzi mwenye funguo anakufuata akitegemea bakshishi.

Nilikwenda pale kumtafuta Harkhuf. Mtu huyu aliishi zaidi ya miaka 4200 iliyopita, chini ya wafalme Merenre na Pepi wa Pili. Kazi yake ilikuwa kuongoza misafara kwenda kusini, nchi iliyoitwa Yam, ambayo wataalamu bado wanabishana ilikuwa wapi hasa. Katika safari moja alirudi na punda 300 waliobeba ubani, mpingo, ngozi za chui na pembe za ndovu. Safari zake zote zimechongwa kwenye uso wa kaburi, nje, mlangoni, ambako jua na upepo vimekwisha kula herufi nyingi.

Upande wa kulia imechongwa barua. Aliyeituma ni Pepi wa Pili, mfalme ambaye wakati ule alikuwa bado mtoto. Harkhuf alikuwa amempelekea habari kwamba anarudi na *dng*, mtu mfupi anayejua kucheza ngoma za mungu. Mtoto akajibu kwa pupa: acha mengine yote, njoo kaskazini upesi, umlete akiwa hai na mzima. Akipanda mashua, watu wa kuaminika wamzunguke asije akaanguka majini. Akilala usiku, walale kando yake, na wamkague mara kumi. Mfalme anatamani kumwona huyo kuliko mali zote za Sinai na Punt.

Wataalamu wa Misri wanaipenda sana barua hii, na mimi naelewa kwa nini. Baada ya kurasa na kurasa za vyeo na sadaka, ghafla unasikia sauti ya mtoto. Vitabu vya wasafiri vinaisimulia kama kichekesho kitamu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na mlinzi kando yangu. Aliponiuliza natoka wapi nikajibu Kongo, uso wake ulichangamka. Akaonyesha ukuta kwa kidole, akasema: huyu alitoka kwenu! Kisha akanyoosha kiganja chake usawa wa kiuno, kupima kimo, akacheka.

Nami nikacheka. Ndicho ninachotaka kukisema katika makala haya: nilicheka, kwa sababu ishara ile ya kiganja naijua tangu utotoni. Ndiyo ishara ya kwetu.

Koko yangu alikuwa mama mwema, Munyanga wa kweli, hakuna mgeni aliyetoka kwake na njaa. Lakini nje, kwenye nguzo ya jiko, lilining'inia kopo la bati lenye kutu. Nikiwa mdogo nilitaka kulichotea maji, akanizuia: "Ile kopo ni ya Bambuti, usiikunywee." Wambuti walikuja na asali na nyama ya porini, wakaondoka na chumvi au nguo kuukuu. Bei aliitaja koko. Hawakuingia ndani. Hakuna aliyewatukana, walipendwa hasa, waliitwa kucheza kwenye sherehe, na watu walisema hakuna anayecheza kama wao. Kwa mwami walikuwa na nafasi yao ya heshima, wazee watanisahihisha kama nimekosea. Lakini kopo lilibaki nje.

Kwa hiyo pale Aswan, swali la darasani lilinigeukia. Katika ukuta ule kuna watu watatu: mfalme, msafirishaji na *dng*. Diop alinifundisha nijitafute upande wa mfalme. Hasira ya Mwafrika ingenisukuma upande wa aliyebebwa. Nami, mtoto wa mama wa Walikale na baba wa Masisi, nilijiona katikati, kwa Harkhuf. Sisi ndio tunaowajua watu wa msituni, tunaowasifu kwa ngoma yao, tunaowataja pamoja na asali na nyama, na tunaochongwa ukutani kwa majina yetu. Harkhuf ana jina, vyeo, hata safari zake zimehesabiwa. Aliyelindwa mara kumi kwa usiku hana jina. Ukuta hausemi hata kama alifika.

Mtu ataniambia: lakini huyo hakutoka Walikale. Kweli. Hata mito inakataa undugu huo wa haraka. Maji ya Rutshuru ndiyo yanayoingia Ziwa Edward, yakapita Semliki, na mwishowe yakafika Nile. Maji ya Walikale yanafuata mto Lowa hadi Lualaba, na kuishia Atlantiki. Sidai kwamba *dng* alikuwa jirani wa koko. Wako wanaosoma neno hilo kama "kibete" tu. Ninachodai ni kuhusu neno lenyewe, maana sisi ni kitivo cha lugha, na hapa ndipo tunapoweza kusema kitu.

Tazameni. Maandishi ya Misri hayaonyeshi irabu, kwa hiyo tunabaki na konsonanti tatu, d-n-g. Baadhi ya wasomi wameilinganisha na *denk* ya Kiamhari, yaani mtu mfupi. Wagiriki wakaja na neno lao, lililotokana na *pygmē*, kipimo cha kutoka kiwiko hadi vifundo vya vidole. Kifaransa chetu cha ofisini kinalitumia hadi leo. Na Kiswahili? Mbilikimo. Maelezo ya kale ya pwani, ambayo Krapf aliyasikia katika karne ya 19, ni kwamba ni mtu wa vimo viwili. Lugha tatu, na zote zimetoa kamba ya kupimia. Hata Twa si salama sana: mzizi huo umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na mara nyingi ni jina ambalo majirani wamewapa watu waliowakuta.

Hili si suala la maneno matupu. Mwaka 1906 Ota Benga, mtu wa nchi hii, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakalipa nauli kuja kumwona. Alijiua mwaka 1916. Kati ya barua ya Pepi na bustani ile kuna miaka zaidi ya elfu nne, na hamu ni ileile: aletwe akiwa hai, aonekane.

Na kwetu wenyewe tuna maandiko ya kuyasoma upya. Epiki ya Mwindo ilisimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956 kwa siku 12, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Ni fahari ya Wanyanga, na Mateene ni fahari ya kila mwanaisimu wa jimbo hili. Tunamsifu Mwindo kwa safari yake ya kuzimu na fimbo yake ya ajabu. Lakini nani aliyetumwa msituni Mwindo alipotamani nyama ya nguruwe? Ni watu wa msituni. Ndio waliokutana na joka Kirimu, wengine wakamezwa, mmoja akaponyoka akaleta habari. Nimesoma kazi kadhaa za wanafunzi kuhusu Mwindo, yangu ikiwemo. Sijaona hata moja iliyosimama kwa hao waliomezwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa saini sheria namba 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za wenyeji wa asili wanaoitwa kwa Kifaransa *peuples autochtones pygmées*. Ni sheria yao ya kwanza, na imeandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Siku moja itahitaji Kiswahili kizuri, na anayepaswa kukiandika ni nani kama si kitivo kama chetu? Nimeona tafsiri za vipande vyake zikizunguka katika mikutano. Zote zimeweka "mbilikimo" bila kusita. Yaani sheria inayompa mtu haki inaanza kwa kumpima.

Rai yangu ni kwamba warsha ya tafsiri ya mwaka wa tatu iichukue sheria hiyo nzima, na kwamba neno la kichwa tusilichague sisi peke yetu kutoka kwenye kamusi. Wenyewe wapo. Vita vimewatoa misituni na vijijini kama vilivyotutoa sisi. Katika kambi moja nje ya Goma niliwakuta watu wa Masisi na Walikale kwenye mstari mmoja wa bomba la maji, wote bila nyumba, wote na vibuyu vilevile vya plastiki vya manjano. Nilidhani mahali kama pale kopo la nje halina nguzo ya kutundikwa. Lakini akina mama wa Kitwa walisogezwa nyuma ya mstari, na hakuna aliyeona ajabu.

Niliwauliza watu wawili pale wangependa sheria iwaiteje kwa Kiswahili. Mzee alifikiri muda mrefu, akasema yeye ni Mumbuti wa Walikale, na kwamba Walikale isiachwe. Mama mmoja aliyekuwa akifinyanga chungu hakuinua hata kichwa. "Muandike yenye munapenda," akasema. "Lakini pembeni yake muandike na shamba."