Fundi Saa wa Alabama na Mjane wa Mtaani Kwetu

Podikasti ya S-Town ilitoka Machi 2017, sehemu zote saba kwa mkupuo. Inaanza kama habari ya mauaji: John B. McLemore, fundi wa saa za kale katika mji mdogo wa Woodstock, Alabama, anamwita mtangazaji Brian Reed aje achunguze kijana anayesemekana kuua mtu. Reed anachunguza na kukuta hakuna aliyeuawa. Kisha, Juni 2015, John mwenyewe anajiua. Kuanzia hapo swali si nani kaua, bali mtu huyu aliishi na nani.

John alimpa Reed asome hadithi fupi ya William Faulkner, "A Rose for Emily", ya mwaka 1930: mwanamke anazeeka peke yake ndani ya nyumba, mji mzima unamchungulia na kumsema, na hakuna anayemjua mpaka siku anapozikwa. Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ana wazazi, mke na elimu ya chuo kikuu, na bado anajiua. Rosa wa Rosa Mistika (1971) analindwa na baba mkali. Macho yote yako kwake, sikio hata moja hana.

Hapa Ifakara tunapenda kusema upweke ni wa Wazungu. Kweli, msiba wa Kibaoni hujulikana Mang'ula kabla maiti haijaoshwa, wakati baadhi ya marafiki wa John walipata habari baada ya mazishi. Lakini mjane anayeshukiwa uchawi naye anajulikana mtaa mzima, na hakuna anayekula kwake.

Jambo moja sikubaliani nalo: Reed alitangaza siri aliyoambiwa nje ya kinasa sauti, kwa hoja kwamba mwenyewe amekufa na hakuamini Mungu. Imani ya marehemu haihusiki. Aliyepata mtu mmoja tu wa kumwambia alistahili kutunziwa.

Bado wapo wanaonong'ona kwamba aliyejiua hana misa. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimnyima mazishi aliyejiua kwa kusudi. Ya 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu, namba 2283, inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake.

Hiyo ni baada ya kifo. Kabla yake, kwenye jumuiya ndogondogo tunasoma majina ya waliochangia na ambao hawajachangia. Ambao hawajaonekana wiki tatu hatuwasomi.