Stata ya ndama isivuke ziwa bila lebo

Uvuvi unapofungwa upande wa Zambia, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, wafanyabiashara wa Nchelenge hutafuta mzigo mwingine wa kupakia. Chakula cha mifugo ni mmoja wa mizigo hiyo. Kinanunuliwa kwa gunia, kinafunguliwa, kinauzwa kwa kopo. Kwa pumba hakuna neno. Kwa chakula cha ndama chenye dawa, tunasema biashara hiyo ikome.

Neno lenyewe linapotosha. “Stata” ni chakula cha kifaranga, na “stata” hiyohiyo ni ya ndama. Gunia likishafunguliwa, mnunuzi wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, hawezi kujua ameuziwa ipi. Zote mbili huwekwa dawa ya kuzuia kuhara damu, lakini dawa na kipimo vinatofautiana. Dawa ya kuku iitwayo salinomaisini, kwa mfano, inaweza kuwa sumu kwa ng'ombe ikizidi kipimo.

Ya ndama mara nyingi ni monensini. Ikitolewa kwa kipimo inafanya kazi nzuri: inamkinga ndama katika miezi ile ya kwanza ambayo kuhara damu humdhoofisha, na mfugaji wa ng'ombe wa nyama anamuuza akiwa na uzito. Ikizidi, inaharibu moyo, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Ndama hukataa chakula, huhara, hukosa nguvu, huhema kwa shida. Mwingine hukutwa amekufa tu. Farasi na punda ndio hawaiwezi kabisa. Punda akilamba chombo cha ndama, mwenye punda amepata hasara.

Baya zaidi ni kuuza dawa yenyewe ya unga ili mfugaji achanganye nyumbani. Tufanye hesabu. Unga wenye gramu 200 za monensini kwa kilo moja, ukitakiwa kufikia gramu 30 kwa tani ya chakula, unahitaji gramu 7.5 tu kwa gunia la kilo 50. Nani atatawanya kijiko hicho kwa koleo, sakafuni, kikaenea sawasawa? Kikibaki mahali pamoja na ndama wa kilo 60 akakila chote, amekula kiasi kinachoweza kumuua.

Kuna wanaosema mfugaji mdogo hana fedha za gunia zima. Ni kweli, na hatulidharau hilo. Lakini wafugaji watatu wanaweza kununua gunia moja na kugawana mbele ya lebo, kila mmoja akiondoka na nakala yake. Simu ya kupiga picha iko karibu kila mfukoni.

Lebo nyingi za Zambia ni za Kiingereza. Ng'ambo watu wanasoma Kifaransa na Kiswahili. Hapo ndipo mfanyabiashara anapopata kazi ambayo kiwanda hakikuifanya. Andika kwa kalamu nzito juu ya gunia: ni ya ndama, si ya kuku, punda asiguse, kiasi cha kumpa kwa siku kama lebo inavyosema, siku za kusubiri kabla ya kuchinja, kama zimetajwa. Tarehe ya mwisho pia. Na gunia lililolowa ndani ya boti likaota ukungu lisiuzwe kwa bei ya chini. Limwagwe.

Maofisa wa mifugo wa pande zote mbili wangeweza kukubaliana juu ya karatasi moja ya Kiswahili ya kubandikwa kwenye magunia haya. Ni ukurasa mmoja. Tunauomba kabla ya Desemba.