Vermuti ‘kavu’ haina sukari nyingi, lakini pombe imo

Siku hizi baa imehamia sebuleni. Mtu ananunua jini, chupa ya vermuti, barafu na zeituni za kopo, anatazama video mbili tatu kwenye simu, na wageni wakifika yeye tayari ni fundi wa kokteili. (Jini ninayoisema ni hii ya chupani, si yule wa kisimani.) Sina ugomvi na mtu mzima anayekunywa kwake badala ya kurudi usiku akiendesha gari. Ugomvi wangu ni na neno moja linalotumika kuisifu ile chupa ya pili: “kavu”.

Mwezi uliopita tulikuwa na sherehe ndogo nyumbani kwa dada yangu. Shemeji ana kisukari na anatumia vidonge vya glibenklamaidi. Soda aliikataa, bia nayo akaikataa, akisema moja tu itampandishia sukari. Akatengenezewa martini, yaani jini yenye vermuti kidogo, kwa sababu kijana aliyekuwa akichanganya alimhakikishia kwamba vermuti kavu haina sukari. Pilau ikachelewa, naye akanywa ya pili huku akisubiri.

Ilipofika saa nne usiku alikuwa ameegemea kochi, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, ukimuuliza hili anajibu lile. Watu wakacheka. “Shemeji leo kapatikana, mwacheni alale.” Dada hakucheka. Alileta mashine ya kupimia sukari, ikasoma 2.6. Kwa anayetumia dawa za kisukari, ikiwa chini ya 3.9 sukari imeshuka. Chini ya 3 ni hatari kabisa. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari, kisha akala. Kwa kuwa dawa ile hudumu mwilini na inaweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa, tukampeleka hospitali na akalazwa hadi kesho yake. Tungemwacha alale kama wageni walivyotaka, leo pengine nisingekuwa na moyo wa kuandika safu hii.

Kijana yule hakukosea sana. Vermuti ni mvinyo uliotiwa mitishamba na kuongezwa pombe kali. Jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani la pakanga, ule mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia wanaujua. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, vermuti kavu huwa na sukari chini ya gramu 50 kwa lita, wakati ile tamu huanzia gramu 130. Basi “kavu” ni habari ya sukari tu. Kuhusu pombe neno hilo halisemi chochote, na pombe iliyomo ni asilimia 15 hadi 18 hivi, zaidi ya mvinyo wa kawaida.

Na pombe ndiyo iliyomwangusha shemeji. Usipokula, ini lako hutoa sukari kidogo kidogo ili damu isikaukiwe. Pombe ikiingia, ini hushughulika nayo na kazi ile ya kutoa sukari hudorora. Wakati huohuo kidonge kinaendelea kulihimiza kongosho litoe insulini. Sukari inashuka, na dalili zake ni zilezile za ulevi. Ndiyo maana nasema mwenye kisukari akionekana amelewa, mpimeni kwanza, utani baadaye. Kama hana fahamu, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.

Kuna mkanganyiko mwingine hapa. Martini ni jina la kampuni ya vermuti ya Italia, na pia ni jina la kokteili ambayo karibu yote ni jini. Mtu aliyezoea kunywa ile ya chupa akiambiwa “karibu martini” hudhani ni kinywaji kilekile.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba yule kijana amimine maji kwenye glasi ileile kama alivyomimina jini usiku. Nikayapima. Mililita 130! Kwa jini ya asilimia 40, hiyo ni mililita 52 za pombe tupu, wakati bia kubwa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwa glasi mbili, shemeji aliyekataa bia moja alikuwa amekunywa bia nne na ushei, tena na tumbo tupu. Vile viroba vilivyopigwa marufuku nchini mwaka 2017 vilikuwa na ubaya wake, lakini angalau ujazo uliandikwa kwenye pakiti.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara, nami nakubali. Najua pia kwamba wengi wenu mtaendelea kuchanganya Jumamosi. Basi pimeni. Kijiko cha mezani ni mililita 15. Vijiko vinne vya jini vinatosha glasi moja, na hiyo tayari ni sawa na bia kubwa. Mimi ningeiacha jini kabisa. Vijiko vinne vya vermuti kavu, barafu, ndimu na maji ya soda hadi juu vina pombe mililita 11 hivi, chini ya nusu ya bia, na kwa joto la Dar kinywaji hicho kinapendeza kuliko martini. Mjamzito asiguse hata hicho, wala anayemeza dawa za usingizi. Anayetumia insulini au vidonge kama vya shemeji, ushauri wangu ni aache. Akishindwa, ale kwanza na apime kabla ya kulala.

Vermuti ikishafunguliwa huharibika kama mvinyo wowote. Iwekwe kwenye friji na iishe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ile ya dada ilikuwa kabatini tangu Krismasi ya mwaka juzi, tukaimwaga. Shemeji siku hizi anakunywa maji ya soda na ndimu kwenye glasi ileile, na zeituni yake anaidai.