TAHARIRI: Ukitaka samaki wa matumbawe nyumbani, uliza tabia kabla ya rangi

Tangi la samaki limetoka kwenye mapokezi ya ofisi na hoteli, sasa limeingia sebuleni. Ukifungua simu hukosi video ya tangi la maji chumvi: taa za buluu, matumbawe yanapepea, na samaki wenye rangi ambazo hata mchoraji wa matatu hangezifikiria. Ni uraibu safi. Haupigi kelele wala haumkeri landlodi. Ila kuna mtindo mmoja ambao lazima tuukemee mapema, kabla haujazoeleka: kununua samaki kwa sababu tu anang'aa.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kwa samaki wa mapambo methali hiyo ni ya kweli kabisa.

Chukua jamii ya Labridae, ambayo wafugaji huiita rasi, jina lisilohusiana na rasi ile ya somo la jiografia. Ina zaidi ya spishi 500, na nyingi zinaishi papa hapa kwenye matumbawe yetu ya Pwani. Wapo walio na urefu wa kidole. Yupo pia Napoleon, anayeweza kupita mita 2, ambaye biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 2004. Kwa hivyo ukimwambia muuzaji "nataka rasi", ni kama kumwambia mtu "niletee mnyama". Paka ni mnyama, na simba pia ni mnyama.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Ukiwa na tangi lenye matumbawe na samaki wapole, kundi la kufikiria kwanza ni Cirrhilabrus. Hawa hula viumbe vidogo vinavyoelea majini, hawagusi matumbawe, na kwa kawaida hawasumbui jirani. Kama ulipenda filamu ya Black Panther, utafurahi kujua kwamba mmoja wao, aliyepatikana kwenye kina kirefu karibu na Zanzibar, alipewa jina Cirrhilabrus wakanda mwaka 2019. Wana masharti yao, hata hivyo. Wanataka kula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Madume wawili wa aina moja ndani ya tangi dogo ni vita. Na wakishtuka huruka! Tangi lisilo na mfuniko wa wavu litakupa samaki mkavu chini ya kochi asubuhi.

Kundi la pili ni Halichoeres. Wengi wao hula minyoo na konokono wadogo wanaosumbua matumbawe, kwa hivyo hufanya kazi badala ya kukaa tu kama urembo. Hata hivyo, giza likiingia hujizika mchangani na kulala humo. Tangi lako likiwa na sakafu ya kioo kitupu, au mawe makali badala ya mchanga laini wa sentimita 5 hivi, samaki huyu hana kitanda. Atajigonga, ataumia, halafu wewe utasema umeuziwa samaki mgonjwa.

Wa tatu ni yule mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Hafiki hata sentimita 10, lakini ni kama yule konda anayedhani stendi yote ni yake. Ukimweka kwanza, kila mgeni atakayefuata atakiona cha mtema kuni. Kama lazima umnunue, awe wa mwisho kuingia, na tangi liwe na mawe mengi ya wengine kujifichia.

Halafu wapo ambao tunakuambia waziwazi: achana nao. Thalassoma ni wepesi, wakali na walafi, na kamba wako wadogo watakuwa chakula cha jioni. Coris formosa akiwa mchanga ni kitoto kizuri chenye mabaka meupe, na wengi humnunua kwa mabaka hayo. Akikua anaweza kukaribia sentimita 60, akageuza mawe na kumaliza konokono na kaa wote. Hilo si kosa la samaki. Ameumbwa kuishi baharini, si katika boksi la lita 100.

Lakini anayetuuma zaidi ni msafishaji, Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni. Baharini huyu ana kituo chake, kama kinyozi wa mtaa. Samaki wengine hupanga foleni awaondolee vimelea mwilini na hata ndani ya mdomo, na kwa siku anaweza kuhudumia mamia ya wateja. Katika kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye sehemu kadhaa za matumbawe kwa zaidi ya miaka 8. Idadi ya samaki wengine ilishuka, na aina zake pia. Kwenye tangi la nyumbani, wateja ni wachache na vimelea havitoshi, kwa hivyo wengi wa wasafishaji hudhoofika na kufa njaa. Ukimtoa mmoja baharini unapoteza mara mbili: samaki wako anakufa na mtaa mzima wa matumbawe unabaki bila kinyozi. Mwache huko.

Najua kuna atakayesema, "Aah, samaki ni samaki tu. Akifa nanunua mwingine." Msimamo wetu ni kwamba hoja hiyo haina miguu. Samaki wengi wa matumbawe wanaouzwa kwa mapambo hawazalishwi kwenye mabwawa kama tilapia. Wanakamatwa mmoja mmoja na wapigambizi, na Kenya imekuwa ikiwauza nje ya nchi kwa miongo mingi. Kila anayekufa sebuleni kwako kwa uzembe anaacha pengo ambalo lazima mwingine akamatwe kulijaza. Kijana mwenzako wa Pwani anayeishi kwa kazi hiyo anahitaji bahari iwe na samaki mwaka ujao pia.

Ndiyo maana sheria inataka leseni kwa anayekamata na anayeuza, na ndiyo maana ni marufuku kuvua ndani ya mbuga za baharini kama Malindi, Watamu na Kisite. Muuzaji asiyeweza kukuambia samaki ametoka wapi, mshuku.

Wafanyabiashara nao wajirekebishe. Kuandika bei tu kwenye kioo hakutoshi. Kando ya bei, andika samaki huyu hufika urefu gani akikomaa, anakula nini, na hawezi kukaa na nani. Hiyo ni kalamu na karatasi tu, haihitaji mtaji.

Nawe msomaji, kabla hujabonyeza PIN ya kulipia, jibu maswali haya manne. Je, akikomaa atatosha kwenye tangi langu? Usiku analala wapi, mchangani au mawe? Waliomo tayari watamkubali, na yeye atawakubali? Na stima ikipotea saa nne, nina pampu ya betri ya kuwapa hewa? Kwa wakazi wa Nairobi ongeza la tano: nina hita? Usiku wa Julai ni baridi, na samaki aliyezoea maji ya nyuzijoto 26 hawezi kuvaa sweta.

Ukikosa jibu la swali moja tu, rudisha simu mfukoni. Jaza tangi polepole, acha maji yakomae kwa wiki kadhaa, mtenge samaki mgeni kwenye tangi la pembeni umtazame kama anakula na hana madoa ya ugonjwa, ndipo umchanganye na wenzake. Kama mfuko bado hauruhusu, hakuna aibu. Kodi miwani ya kupiga mbizi siku ukienda Watamu au Shimoni, uwaone rasi hao kwao. Huko hawahitaji pampu wala hita, na msafishaji ana foleni ya wateja.