Mkate wa Adhuhuri na Wanaoudharau

Wako watu waliosoma sana ambao hawasadiki kuwa mtu amekula mpaka wamsikie ametaja wali au ugali. Mwambie mmoja wao kwamba chakula chako cha adhuhuri kilikuwa boflo moja na bakuli la maharagwe ya nazi, kwenye benchi la bekari ya mtaani. Atakuuliza kwa sauti ya huruma chakula chenyewe utakula saa ngapi. Swali hili hutolewa kama mzaha. Kwangu mimi ni dharau, tena haimwangukii mkate peke yake. Humwangukia na yule anayeula kwa sababu fedha yake, au muda wake wa mapumziko, haumfikishi penginepo.

Husema kwamba mkate ni kitafunio, na kazi yake ni kusindikiza chai. Nani aliyeuhukumu hivyo? Pwani yetu ina mkate wa mofa, uliotoka katika mtama. Ina mkate wa kumimina, wa mchele na tui la nazi. Ina mkate wa ufuta, ambao harufu yake jioni katika mitaa ya Unguja humgeuza mpita njia shingo. Na boflo yenyewe, ikichovywa katika mchuzi, ina upungufu gani mbele ya tonge? Hukusanya mchuzi, huenda kinywani kwa mkono, hushibisha. Mwenye kutofautisha viwili hivi kwa heshima, wala si kwa ladha, na atuonyeshe mizani yake.

Wakishindwa hapo hukimbilia uzalendo. Ngano, wasema, ni ya wageni. Basi na waondoe sembe mezani pao leo hii, maana mahindi asili yake ni Mexico, nayo yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Muhogo nao ulitoka bara lile lile la Amerika. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mnamo mwaka 1331, alisimulia kwamba kisiwa kile hakikulima nafaka, bali kililetewa kutoka nchi ya Waswahili iliyokuwa jirani. Kula nafaka iliyovuka maji si jambo jipya kwetu. Mtama wa mofa, kwa upande wake, ni mzaliwa wa Afrika. Hata hivyo sijamsikia mzalendo wa sembe akiutetea.

Liko neno moja lao lenye uzito, nami silipuuzi. Kenya na Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo, na vita vya Urusi na Ukraine vilipopanda mwaka 2022, bei ya unga ilipanda navyo. Mwenye boflo yake ya mchana aliumia kwa vita asivyovijua. Lakini dawa ya hayo ni kumtia moyo mwokaji achanganye unga wa mtama na wa muhogo, na kumlipa mkulima wa ngano bei ya haki. Kumcheka mlaji hakupunguzi hata gunia moja la unga wa kigeni bandarini.

Mwokaji hukanda usiku, huacha hamira ifanye kazi yake, na kabla ya alfajiri tanuri limekwisha kuwaka. Mchana, benchini pake, seremala hukaa ubavuni mwa karani na mchukuzi ubavuni mwa mwanafunzi, wala hakuna anayeulizwa sababu ya kuja. Mwanafunzi ndiye ninayemhofia. Nimewajua vijana walioshinda na njaa hadi magharibi kuliko kuonekana hapo na wenzao, kwa kuwa walikwisha kusikia ukumbini mzaha ule ule nilioutaja, tena kutoka kwa watu wanaowafundisha. Aliyeutoa alikuwa ameshiba. Waliousikia waliingia katika somo la saa nane na matumbo matupu, na bekari ilikuwa ng'ambo ya barabara.